Magongo Yangu Ndani ya Sementi Mbichi

Jamani, leo nimeaibika hapa Kolwezi mpaka natamani kurudi kwetu Kasaji na gari moshi la kwanza. (Gari moshi lenyewe halijulikani linakuja lini, kwa hiyo bado mnaniona.)

Mnajua natafuta kazi tangu ile ofisi yetu ifungwe. Leo niliitwa kwenye usaili, kampuni moja ya malori yanayobeba shaba. Kazi ni ya redio: unakaa ofisini, unaongea na madereva walioko njia ya Fungurume. Kazi ya kukaa! Mguu wangu wa polio hauna ugomvi nayo. Naitaka kazi hii kuliko ninavyoweza kuwaeleza.

Nikavaa liputa mpya, kitenge cha kujifunga. Na nikaandaa hotuba. Mnajua inavyokuwa: mtu wa magongo akifika kwenye geti la kampuni, hata jina hajasema, wanadhani amekuja kuomba. Safari hii nikaapa kwamba atakayenidharau atanitambua.

Nashuka kwenye pikipiki. Mlinzi anakuja, mzee mpole, Tata Kasongo.

"Bonjour, mama. Pita kwa nyuma, tafazali."

Kwa nyuma. Mmesikia? Damu ikanichemka.

"Kwa nyuma juu ya nini, tata?"

"Hapa mbele haina muzuri, mama. Kuko..."

"Juu minatembeaka na bekiye," nikasema nikiinua magongo, "njo munafichaka bantu kama mi ku mulango ya nyuma?"

"Hapana, mama. Ngoja nikuelezee..."

Sikungoja. Hotuba ilikuwa imeiva, ningeirudisha wapi? Nikaitoa yote, nusu yake kwa Kifaransa. Heshima. Sheria. Mungu aliyetuumba sote. Makarani wakajaa madirishani. (Nilidhani wananiunga mkono.) Kila Tata Kasongo akifungua mdomo, mimi napandisha sauti.

Mbele ya mlango kulikuwa na ngazi, zimezibwa kwa mbao. Pembeni yake kulikuwa na mteremko mzuri, umefunikwa turubai la buluu. Nikasema moyoni: kumbe njia ya kupita bila kupanda ngazi wanayo, ila wameificha.

"Mi nitapita hapa, tata. Mbele ya bantu bote."

"Mama, wacha..."

Nikaweka magongo yote mawili juu ya turubai, nikaegemea kwa hasira yangu yote.

Yakazama.

Nikatupa mguu nisianguke. Nao ukazama, pamoja na kiatu. Turubai lilikuwa kuukuu, likapasuka, sementi ikapanda mpaka kwenye liputa. Nikabaki nimesimama pale kama nguzo ya umeme, mbele siendi, nyuma sirudi. (Na hotuba ilikuwa imekwisha.)

Mkurugenzi akatokea nyuma ya nyumba, mama mmoja mwenye miwani. Akaangalia sementi. Akaniangalia mimi.

"Ni weye Mama Béa, wa test?"

"Njo mi, madame."

"Ile rampe, ule muteremuko, tunaijenga juu yako, upate kupita. Jana uliniambia ku telefone unatembeaka na bekiye. Fundi amemaliza kumwaga sementi leo asubui. Bote tunapita kwa nyuma, hata mi."

"Minamuelezea, madame," Tata Kasongo akasema taratibu. "Anakatala kusikia."

Yeye na fundi, aliyekuja mbio, wakanishika mikono, wakanivuta. Mimi nilitoka. Kiatu kilibaki. Fundi akaitazama kazi yake ya asubuhi, akaenda kuchukua koleo.

Usaili nikaufanya na kiatu kimoja. Maswali ya redio nikayajibu vizuri, nikaanza kupata moyo. Kisha madame akafika kwenye swali la mwisho.

"Hii kazi inaomba mutu wa kusikiliza kwanza, mbele ya kujibu. Weye uko vile?"

Nikajibu ndiyo. Hata mimi mwenyewe sikuliamini jibu langu. Nje ya mlango, Tata Kasongo akapatwa na kikohozi kirefu. Madame akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka akavua miwani.

Kazi nimepata. Nililia kidogo pale pale, siwafichi. Ila siku ya kuanza haijapangwa: fundi anamwaga rampe upya, na madame amekataa katakata niingie kwa nyuma. Naanza siku itakapokauka.

Basi msinicheke, ndugu zangu. Hapa mawingu yametanda tangu mchana. Niombeeni jua.