Nyanya za Buluu Chini ya Gunia

Jumatatu, 3 Februari 2025

Wiki hii kisu ni changu! Jumamosi baba mkwe wangu, Mzee Gitari wa Manyatta, anatimiza miaka themanini na mbuzi atachinjwa. Kila sherehe kisu cha kukata nyama hupewa Njeru, aliyeoa dada ya mke wangu. Mimi hupewa moto nipulize. Tangu nioe napuliza moto! Mkwe ni yeye, mimi ni jiko.

Safari hii nampelekea mzee kitu hajawahi kuona: nyanya za buluu. Mmea uko kwenye ndoo hapa kwangu Kinoru, Meru, umejaa matunda, bado mabichi. Wakati wa kupanda, miezi iliyopita, Igoki, mke wangu, alinilazimisha kumpa Njeru miche miwili. Nilimpa. Ile iliyolegea kabisa.

Jumanne, 4 Februari

Jirani yangu Kaimenyi amesimama uani akiikodolea macho ndoo yangu. Na simu mkononi! Yeye na Njeru wako kikundi kimoja cha WhatsApp. Nimeufunika mmea wote kwa gunia. Siri itakaa, na nyanya zitaiva. Mimi ni Mmeru, nimekua nikiona ndizi zikivundikwa.

Igoki anasema muuzaji wa mbegu alieleza kuwa jua ndilo huipa ngozi ya nyanya hii ile buluu. Muuzaji! Amewahi kuivisha hata ndizi moja?

Alhamisi, 6 Februari

Usaliti. Nikiwa kazini Igoki amefungua gunia, ati mmea upumue. Anasema ameona wekundu. Nimemwambia wekundu ni njia tu ya kufikia buluu. Nimeongeza gunia la pili na kufunga kwa kamba. Hakuna kuchungulia tena. Amesema nikiaibika nisimwite. Nimesusa chakula cha jioni, na hakuna aliyenibembeleza.

Jumamosi, 8 Februari

Nilipakata ndoo kutoka Meru hadi Manyatta. Nikasimama mbele ya ukoo mzima, nikahutubu, nikakata kamba.

Nyekundu! Nyekundu pyu, kama za sokoni Kianjai. Mzee alizitazama, kisha akauliza taratibu, "Murithi, hizi ulikuwa unamficha nani?"

Walicheka hadi watoto. Halafu Njeru akaleta sahani. Ile miche yangu iliyolegea aliipanda nyuma ya banda la kuku, pale jua linawaka kutwa. Buluu ya kweli, karibu nyeusi. Mzee alikula tatu, akampa kisu. Imeniuma sana. Nilitaka mara moja tu mzee aseme mbele ya watu kwamba mimi pia ni mkwe wake.

Nilipuliza moto. Njeru akaniletea ini, ati pole. Nilikula, lakini kwa hasira.

Jumatatu, 10 Februari

Nimetafakari. Njeru alicheza rafu. Mtu muungwana angefunika zake pia, tushindane sawa.

Leo mzee amenitumia mche kutoka kwa Njeru, na ujumbe: mwezi wa sita mjukuu anabatizwa, niulete ukiwa na matunda, tena mkwe wake asije mikono mitupu. Mkwe wake! Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi.

Igoki ameuweka mche karibu na geti, juani, kila mpita njia anauona! Nimeutoa haraka. Sasa kosa langu naliona wazi: magunia mawili hayakutosha. Nimeenda kwa Kaimenyi kuazima la tatu.