Akordeo ya Marehemu Mjomba

Kapata, Jumatatu, tarehe 3 Novemba 1975

Dereva Masudi, anayepeleka chumvi na vitambaa Musumba, kaniletea salamu za Mjomba Mwenze. Mjomba anakuja Jumamosi. Akordeo yake iko kwangu tangu mwaka jana, nijifunze. Nikishindwa kupiga wimbo wake wa ndoa mwanzo hadi mwisho, anaichukua na kumpa binamu yangu Nkulu. Nkulu! Ambaye tayari anapiga gita kwenye kila ubatizo, na juu ya hayo hufumba macho akipiga.

Naipenda ile akordeo. Shida ni mazoezi. Nikiishika tu, usingizi unanijia.

Hila ya leo: nimemwambia mke wangu Elise aninyime bukari, ugali wetu, mpaka nimalize wimbo. Nikavuta mara mbili, nikasema tayari. Elise akasema wimbo wa Mjomba ulikuwa na mkia, huu umekatwa. Akafunika sahani. Nimekula kwa jirani, Mama Ntumba. Sombe yake ya majani ya muhogo ni tamu. Kesho naanza kweli.

Jumatano, tarehe 5

Mvua. Mungu ni mwema. Masudi anasema barabara ya Musumba ni matope matupu, hakuna lori litakalopita kabla ya Noeli. Mjomba haji! Nimepumzika.

Jioni kapita Nkulu, eti kusalimia. Kaifuta akordeo vumbi kwa leso yake, taratibu, kama mtu anayekagua mbuzi wa mahari. Akaniita «citoyen Muamba», mwananchi Muamba, kama tuko ofisini, akauliza kama nimeshafika kwenye kiitikio. Nikasema kiitikio nilikimaliza zamani. Uongo. Nimekasirika sana. Hasira nayo ni dawa: kesho napiga.

Alhamisi, tarehe 6

Nimepiga! Mchana, madirisha yote nimefunga, blanketi kichwani, Nkulu asisikie. Akordeo ina tundu mahali, kila nikivuta inatoa sauti ndefu ya kuugua. Nami naimba chini chini kwa pua, nisipotee.

Mlango ukagongwa. Mama Ntumba, mikono kichwani, kitambaa kiunoni. Nyuma yake wanawake wa mstari wetu wote wa nyumba, na kuni, na unga. Wakavua viatu, wakaketi chini, wakauliza nani ametutoka. Madirisha yamefungwa mchana, mwanamume anaugua ndani: hapa kwetu hicho ni kilio, na kwenye kilio watu hawangoji kuitwa.

Ningesema ni mimi napiga muziki, Nkulu angejua kabla jua halijazama. Nikasema ni Mjomba Mwenze wa Musumba. Barabara imekatika, nani ataenda kuhakikisha? Elise kanitazama. Akawapokea unga. Hilo ndilo lililonitisha.

Ijumaa, tarehe 7

Kufa kufaana. Unga umejaa jikoni. Wazee wamewasha moto uani. Wakaomba niwapigie wimbo wa marehemu. Nikikosea, wanawake wanapaza kilio, kosa linamezwa. Nikisimama, Mama Ntumba anaanza kusimulia wema wa marehemu, ambaye hakuwahi kumwona. Nikaona afadhali kupiga. Nikapiga hadi vidole vikajua njia vyenyewe. Jioni nimefika mwisho wa wimbo. Mwisho wenyewe, na mkia wake! Machozi yamenitoka, ya kweli. Hata Nkulu kanishika bega, kasema nimeupiga vizuri. Nimefurahi hadi nikasahau kwamba nina msiba.

Jumamosi, tarehe 8

Mjomba kafika. Lori lilikwama, kashuka, katembea, kapanda trekta ya mapadri. Akaona moto na watu uani. Akavua kofia, akaketi na wazee, akauliza kwa heshima nani amekufa. Akaambiwa. Akanawa mikono, akala bukari, akauliza kama huyo Mwenze aliteseka sana. Mama Ntumba akamhakikishia, tata, baba yangu, alikufa kwa amani, akitaja jina langu. Hapo Mjomba akasimama.

Akasema: «Ule maiti ni mi.»

Nilidhani atanichapa. Hapana. Akaomba wimbo tu. Nikaanza. Lakini sasa hakuna aliyelia. Kosa la kwanza likasikika, la pili likasikika zaidi, na kwenye kiitikio vidole vikagoma. Mjomba akangoja. Nami nikangoja.

Basi akasema marehemu ameacha wosia: akordeo ni ya Nkulu. Wazee wakaitikia kwamba neno la marehemu halipingwi. Nkulu kaibeba kifuani kama mtoto mchanga. Nimeumia. Nilikuwa nimeufikia ule mwisho, jamani. Nilikuwa nimeufikia.

Jumatatu, tarehe 10

Mjomba kaondoka na unga wote. Kasema ni wa kilio chake. Mama Ntumba hanisalimii. Elise anasema nifanye mazoezi kidogo kidogo kila siku, kama watu wengine. Nimemsikiliza kwa upole. Hajui muziki.

Nkulu, kwa kuwa sasa ana akordeo, kaniazima gita lake. Gita ni rahisi, nyuzi sita tu; ile akordeo ilikuwa na vifungo kama mahindi. Jana nimelishika. Usingizi.

Lakini dawa sasa naijua. Nina shangazi mjini Likasi, Shangazi Adolphine. Hajambo kabisa, anakula vizuri, na anaogopa magari, kwa hiyo hasafiri kamwe. Nitaanza Alhamisi, mchana, madirisha yakiwa yamefungwa.