Ubeti wa Pili wa Wimbo wa Bia

Jumatatu, 4 Machi
Siku ya tisa bila tone. Dada kasema nisipohudhuria kikundi cha walioacha pombe, sanduku langu litatangulia nje, mimi nifuate. Nikaenda. Darasa la chekechea! Viti vya watoto! Magoti yalinifika kidevuni. Mwenyekiti ni muuguzi mstaafu, anakutazama kama anatafuta mshipa. Nikataja siku zangu tisa. Makofi ya adabu. Akasimama fundi bomba: siku tisini. Makofi mpaka vumbi la chaki likapaa. Nimemchukia papo hapo.

Halafu akasema kinachomtesa ni ule wimbo wa bia kwenye televisheni, kabla ya taarifa ya habari. Ukianza tu, miguu inajiinukia yenyewe. Wote wakaguna. Kisha wakauimba. Wote! Maneno yote!

Wimbo ule ni wangu. Niliutunga kwa mkono huu, kazi yangu ni nyimbo za matangazo. Machozi yakanitoka kwa fahari. Muuguzi akadhani ni majuto, akanikumbatia. Sikumsahihisha.

Jumanne, 5 Machi
Mpango: nitawatungia wimbo wa kikundi. Fundi bomba na tisini zake atasahaulika. Nimekumbatia gitaa tangu asubuhi. Hola. Saa kumi nikachukua mahadhi ya wimbo wa bia, nikapunguza mwendo, nikabadili maneno: "Leo sigusi, kesho sigusi." Nani atatambua?

Alhamisi, 7 Machi
Wametambua.

Nilianza vizuri, macho nimefumba. Kwenye kiitikio nikasikia wanaimba maneno ya bia. Kwa raha ya kuitikiwa nikajisahau, nikazama kwenye ubeti wa pili wa bia. Kufumbua macho, mhasibu, mama mpole asiyesema kitu, kashika mkoba, eti anatoka kupunga upepo. Upepo wenyewe uko baa ya ng'ambo ya barabara. Fundi bomba akamfuata. Muuguzi akawapita mbio, viatu mkononi, akasimama mlangoni mwa baa kama komeo. Hakuingia mtu.

Aliporudi nao, bado anahema, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, ubeti wa pili umeujuaje? Kwenye televisheni haupo."

Kweli haupo. Waliukata. Wajinga, ndio uliokuwa mtamu zaidi! Nikasema nina kikohozi, nikaondoka.

Ijumaa, 8 Machi
Habari zimemfikia Dada. Sanduku liko kibarazani. Nimelikalia asubuhi nzima nikiwaza bia. Si wimbo. Bia yenyewe.

Mara fundi bomba huyo, na mfuko wa spana. Nikajua kipigo kimefika. Kumbe kaja kuniombea! Akamwambia Dada, "Mwache arudi, dada yangu. Jana mimi nilifika mlangoni kabisa. Bila muuguzi wetu ningekuwa humo mpaka sasa. Na huyu ukimfukuza, unadhani ataingia wapi?"

Dada akalishika sanduku. Akalirudisha ndani mwenyewe, haniangalii. Fundi bomba, kabla ya kuondoka, akakaza bomba la jikoni lililokuwa likivuja. Hakuna aliyemwomba. Inaudhi mtu kuwa mwema kiasi hicho.

Jumatatu, 11 Machi
Siku ya kumi na sita. Nimekiri mbele ya wote: wimbo ni wangu, na machozi yale yalikuwa ya fahari. Nikaomba radhi. Wala sikuigiza. Kisha mhasibu, yule asiyesema kitu, akasema, "Tuko nawe." Wote wakadakia, "Tuko nawe!" na makofi matatu. Nimelia. Muuguzi akanikumbatia tena; safari hii hakukosea.

Kaniapisha nisiwatungie tena wimbo wowote. Nikaapa, mkono kifuani, na nilimaanisha.

Njiani nikagundua kwamba "Tuko nawe" na makofi matatu vinaingia barabara kwenye tangazo la dawa ya kichwa. Kiapo kinakataza kuwatungia wao. Kutunga kutokana nao hakikugusa! Nimeshawapigia simu watu wa matangazo, wamefurahi mno. Sauti nzito itakuwa ya fundi bomba. Nitamwambia Alhamisi, wakishamaliza kumpigia makofi.