Merlot na Mkunjo wa Kushoto

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku kubwa! Saa nne asubuhi Meneja ametukusanya jikoni na kutangaza kwamba hoteli itapata mtunza mvinyo. Atachaguliwa Jumamosi kwa mtihani. Chupa tano zitavishwa vitambaa, tutaonja, tutaandika ipi ni Merlot, aina ya mvinyo mwekundu, kwa sababu ndiyo wageni wanayoiagiza kuliko zote. Mtunza mvinyo atakaa chini, karibu na stoo, funguo kiunoni. Hapandi ngazi! Mimi nimebeba sinia hadi ghorofa ya nne kwa miaka ishirini na miwili, na magoti yangu yanalia kama bawaba zilizokosa mafuta. Kazi hii ni yangu.

Tumejiandikisha wawili: mimi na dada wa zamu ya asubuhi, tunayemwita Kipua, maana hutambua maziwa yaliyoharibika akiwa bado mlangoni. Nimemwonea huruma. Mvinyo si maziwa.

Nimemwambia mke wangu kwamba nitafanya mtihani. Nadhani nilimwambia hivyo. Kufika jioni majirani watatu wamenipongeza kwa kupanda cheo.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Elimu imeanza. Mpishi mkuu amenipa nusu chupa ya Merlot iliyobaki jikoni. Kinywaji ni kinywaji: nimeizika kwenye barafu kwa muda wa saa mbili, kama soda. Nimeonja. Hakuna kitu! Meno yamekufa ganzi. Nikampelekea mpishi malalamiko kwamba chupa ni mbovu. Akaniuliza, mbele ya waosha vyombo wote, kama nyumbani supu pia huigandisha kwanza.

Walipomaliza kucheka akanieleza. Mvinyo mwekundu haupendi joto la jikoni wala barafu. Unataka ubaridi kidogo tu. Umiminwe hadi theluthi ya glasi, uzungushwe, unuswe, kisha unywewe taratibu. Merlot ni laini, ina harufu ya plamu mbivu. Mwenzake mkali, Cabernet, ana ukakasi: hukamata ufizi kama ganda la ndizi mbichi.

Yote nimeyaandika kiganjani. Kabla ya kuhudumia chakula cha mchana nikanawa mikono, kama sheria inavyotaka. Elimu yote imekwenda na maji.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Kipua anafanya vituko. Wakati wa mapumziko hunusa vitu: kahawa, pilipili manga, plamu za mpishi, hata ngozi ya mkoba wake. Eti anaifundisha pua kukumbuka. Nimecheka mpaka nikakohoa. Akanikaribisha kwa adabu zote, "Njoo tunuse pamoja, kaka." Nimekataa. Mtu mzima hanusi mikoba ya watu.

Mimi nina njia ya akili zaidi. Atakayezivisha chupa vitambaa ni dobi wa hoteli, kwa kuwa yeye hanywi na hana upande. Na dobi huyo ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu! Nimemfuata chumba cha pasi. Ombi langu lilikuwa dogo: chupa nne mikunjo itazame kulia, ya Merlot peke yake mkunjo utazame kushoto. Basi.

Shemeji akaweka pasi chini. Akasema mtu mwenye mvi kama zangu kuibia mtihani ni sawa na babu kuiba pipi harusini. Nikamkumbusha kwamba dada yake amekwisha kuutangazia mtaa mzima. Akaishika tena pasi. Akasema atafanya, lakini si kwa ajili yangu. Ni ili dada yake asije kulia kwake, maana akija kulia hukaa wiki mbili.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siku yangu ya mapumziko. Ushindi uko mfukoni, sina haja ya kujifunza. Ila mpishi alinipa chupa ndogo ya Merlot, na kukataa zawadi ni utovu wa adabu. Tumeifungua kibarazani, mimi na mke wangu, baada ya chakula cha mchana. Nikafanya kama mpishi alivyosema, ilimradi tu.

Ajabu! Kwanza plamu. Kisha cheri nyeusi. Kisha kitu kama chokoleti, kwa mbali. Haikukamata ufizi hata kidogo. Iliingia polepole, kama mgeni anayejua kubisha hodi. Mke wangu alifumba macho akasema inamkumbusha kabati la bibi yake, lile la matunda makavu, ambalo watoto walikatazwa kulifungua nao wakalifungua kila siku. Sikuwahi kuisikia habari hiyo, na tumeoana miaka thelathini. Tukakaa mpaka kivuli kikahama. Hakuna aliyetaja funguo.

Lakini huko ni kustarehe, si kujiandaa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Leo nimejiandaa hasa. Mbele ya kioo nimefanya mazoezi ya uso: kukunja paji, kutazama dari, kutikisa kichwa kama mtu anayeikumbuka mizabibu aliyoipanda mwenyewe. Mke wangu amepita akaniuliza ni jino gani linaloniuma.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Niandike upesi, nisije nikajionea huruma.

Nilifika ukumbini robo saa mapema. Chupa tano mezani, vitambaa vyeupe. Nne zinatazama kulia, moja kushoto. Shemeji ni mtu wa ahadi! Mara Meneja akaingia nyuma yangu na kunisalimia. Nikageuka kuitikia, na mkono wangu… Mkono huu! Kwa miaka ishirini na miwili haujapita mbele ya kitambaa kilichokaa upande bila kukinyoosha. Wakati mdomo unaitikia salamu, mkono ulikuwa kazini. Nilipotazama tena, zote tano zilitazama kulia kama askari kwenye gwaride. Meneja akanisifu kwa unadhifu.

Ilikuwa ya ngapi? Nilikuwa nimesimama karibu na chombo cha maua. Chombo cha maua kiko karibu na chupa ya nne. Basi ni ya nne.

Tukaonja. Ya kwanza, kali. Ya pili, plamu. Cheri nyeusi. Mke wangu kibarazani, amefumba macho. Nikaandika "mbili". Ya tatu, chachu. Ya nne ikanikamata ufizi kama ganda la ndizi mbichi. Lakini hoja ni hoja! Ulimi ni nyama tu; chombo cha maua ni ushahidi. Nikafuta "mbili", nikaandika "nne".

Ilikuwa ya pili. Kipua amepata. Shemeji alikuwa mlangoni, mikono kichwani. Tulipotoka akaniuliza kama nilitaka anishikie na kalamu.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Ghorofa ya nne mara sita kabla ya adhuhuri. Mke wangu amewaambia majirani kwamba cheo nimekikataa mwenyewe. Ni mwanamke mwenye busara.

Nimetafakari na kosa nimeliona: kitambaa kingetiwa alama kwa uzi. Uzi haunyooshwi.

Mchana Kipua ameniita stoo. Akasema siku ya mtihani aliniona nikiandika "mbili", kisha nikifuta, na tangu hapo hajapata usingizi wa raha. Alitaka kujua kwa nini. Nikamjibu kwamba ni mambo ya kitaalamu. Akasema Meneja amemruhusu kuchagua msaidizi, mtu wa kukaa naye huku chini, na yeye angependa awe mtu mwenye ulimi. Akamimina kidogo kutoka chupa aliyoificha nyuma yake. "Taja tu jina, kaka. Ukitaja, sinia waachie wengine."

Nikazungusha. Nikanusa. Nikaonja. Plamu mbivu, cheri nyeusi, chokoleti kwa mbali.

Nikamwambia siwezi kutaja kitu kabla ya kuiona chupa.

Akanirudia mara ya pili, kwa upole, kwamba niseme lolote ulimi unaloniambia. Nikashikilia msimamo wangu. Akaichukua glasi mkononi mwangu, akaniambia basi nipeleke chai ghorofa ya nne kabla haijapoa.

Maskini dada wa watu! Funguo wamempa, lakini kazi bado haijui.