Mtoto Anayepandisha Viatu Mezani

Jumatatu, 4 Mei 1964. Bujumbura.

Nimefika ng'ambo. Kasenga nzima, mtaa wetu kule Uvira, inajua: Modeste amevuka mpaka kusaidia yatima wa vita. Habari ya barua sikuwaambia. Masera Léocadie, mtawa mkuu wa nyumba hii ya yatima, humwandikia mwenye kujitolea barua yenye muhuri. Kwa barua ile naweza kuwa mwalimu. Nilidhani tunakula na masera. Wapi! Tunakula na watoto, na watoto wana mikono myepesi.

Kuna msichana wa miaka kama sita. Aliokotwa njiani, hasemi neno. Jumamosi kamyo, lori la masera, inapeleka Kitega watoto wasio na wenyewe. Masera anasema akishafika kule milimani, mama yake hatamwona tena. Mtoto wa wapi huyu? Swali limenikaa kichwani. Nitalijibu mimi, kabla ya Firmin, mwenzangu anayeitaka barua ile ile.

Jumanne, 5 Mei.

Firmin naye ametoka Uvira. Anaamka mapema kuliko mimi, makusudi. Nimebuni njia: samaki. Mtoto wa ziwani huanza na kichwa, wa bonde la Ruzizi hukiacha. Nimempa mukeke. Kichwa amekiacha. Basi ni wa Kiringye, kule bondeni. Firmin akasema mtoto hana meno mawili ya mbele. Wivu tu.

Halafu mvua. Nikakuta viatu vyangu juu ya meza, pamoja na sufuria mbili na kitabu cha sala cha Masera. Ni yule yule mtoto. Nikavirudisha sakafuni. Kiatu ni kitu cha chini.

Jumatano, 6 Mei.

Nilituma neno kwa wakimbizi wa Kiringye. Wamekuja akina mama wawili. Walimgeuza, wakamtazama masikio, wakatikisa kichwa. Mmoja alilia, maana wake pia amepotea. Alikaa muda mrefu amemshika mtoto mkono. Nikampa mama huyo mukeke. Akaanza na kichwa. Nimechanganyikiwa. Yeye si wa Kiringye?

Mvua tena. Viatu mezani, sufuria mezani, na katoto kanakotambaa kamepandishwa kitandani. Mwenyewe amekaa juu ya meza, ananiita kwa mkono nipande. Nimemshitaki kwa Masera.

Alhamisi, 7 Mei.

Masera ameandika kwenye orodha ya kamyo: msichana, jina halijulikani. Imeniuma, nakiri. Nimemjaribu kwa ndagala, muhogo, maharage. Amekula vyote.

Mchana mvua. Mama Pétronille, mpishi wetu, mzaliwa wa Mulongwe kule Uvira, kando ya ziwa, akaingia kunipa ufagio. Akamkuta mtoto mezani kati ya sufuria. Akasimama. Akauliza anafanya hivi tangu lini. Nikasema kila mvua, na nimemkanya sana. Akaniuliza, weye Papa Modeste, macho yako iko ya kazi gani? Akasema kwao Mulongwe mto unaingia mpaka ndani. Mvua ikianza, kila mtu anapandisha vyombo, hata watoto. Akaacha chungu motoni, akaenda na mvua ile ile kwa wakimbizi wa Mulongwe, wanaolala kanisani. Maharage yameungua. Nimeyala.

Ijumaa, 8 Mei.

Mama yake amekuja. Anaitwa Georgette. Alivua viatu mlangoni, akakaa chini pale pale. Mtoto hakukimbia. Alikwenda taratibu, akaokota vile viatu, akaviweka mezani. Jua lilikuwa linawaka. Ndipo akasema, kwa mara ya kwanza: mama, panda. Tulilia sote. Firmin alilia kwa sauti, ili Masera asikie.

Jina lake ni Generose.

Jumamosi, 9 Mei.

Kamyo imeondoka bila Generose. Nimemweleza Masera kwamba njia ya samaki imefaulu, maana Kiringye na Mulongwe ni barabara moja. Barua amempa Mama Pétronille, ambaye hata ualimu hautaki. Haidhuru. Kuna mvulana mwingine asiyesema. Nimeagiza mukeke sita.

Sasa mvua kubwa. Viatu vyangu viko sakafuni, mahali pake, na hakuna wa kuvisumbua. Maji yanapita chini ya mlango. Ajabu, yanatoka wapi? Kiatu cha kushoto sikioni tena. Nadhani Firmin amekificha.