Miezi Miwili, Pilau Mbili

Jumamosi, 29 Machi
Nyumbani, Picha ya Ndege. Mwezi umeonekana Uarabuni! Kwa Mzee Mwinjuma wa Kisarawe, baba yake Biubwa, Idd ni kesho. Mama yangu hataki kusikia, anangoja mwezi wa hapahapa nchini, kwa hiyo kwetu ni Jumatatu. Basi nitakula Idd zote mbili. Na Mzee akiniona safu ya mbele, posa yangu kwa Biubwa itapita tu. Hemedi naye kapeleka posa hukohuko, anajifanya mcha Mungu. Tutaona!

Jumapili, 30 Machi
Kisarawe. Safu ya mbele, takbira juu kuliko wote. Pilau sahani mbili, kalimati sikuhesabu. Mzee ananitazama kwa upendo. Ndipo Hemedi, mnafiki yule, akaniuliza mbele ya watu nilianza kufunga lini. Nikajibu kifua mbele: Jumapili, na Mama. Mzee akasema wao walianza Jumamosi, wakafunga ishirini na tisa. Mimi je? Akahesabu kwa vidole. Ishirini na nane! Akasema Ramadhani ya namna hiyo hajapata kuisikia tangu azaliwe. Watoto wa madrasa wakacheka. Biubwa kajifunika mtandio, mabega yanamtikisika. Iliniuma. Nampenda yule binti, basi. Lakini kwani mimi ndiye niliyeugawa mwezi?

Jumatatu, 31 Machi
Idd ya Mama. Hemedi kaweka picha yangu kwenye status, sahani mkononi, jana mchana kweupe, Mama akiwa amefunga! Mama kaiona. Kasema Idd ni ya waliomaliza mfungo. Wageni wanakula pilau, mimi nimepewa magimbi ya futari ya jana. Nimekula. Radhi sikuomba!
Alasiri kapiga simu Biubwa. Baba yake anasema nije kesho nilipe siku yangu kwao, nifuturu nao, kisha tuzungumze posa. Hemedi hakuitwa. Ha!

Jumanne, 1 Aprili
Kisarawe tena. Nimefunga kiume. Nimepalilia mihogo ya Mzee jua kali, midomo imekauka, sijalalamika. Magharibi tende, uji wa pilipili manga. Mzee kalainika, kaniita mwanangu. Biubwa kaleta chai, kanitazama vizuri. Mzee akauliza kama nitafunga na sita za Shawwali, zile za sunna. Ningejibu inshallah, sasa hivi ningekuwa mchumba wa mtu. Nikamwambia zimebaki tano tu. Hii ya leo nimeitilia nia mbili, ya kulipa na ya sunna.
Mzee kaweka kikombe chini. Kasema habari ya posa tutaizungumza baada ya Idd Kubwa.
Sawa! Nasubiri. Sirudi nyuma kwa ajili ya Hemedi wala mtu yeyote. Tena nasikia kwa kina Biubwa huwa wanachinja siku moja kabla yetu. Nitakula nyama kwao, kesho yake nitakula kwa Mama. Na Idd ile haina mwezi mzima wa kufunga, kwa hiyo hakuna atakayenihesabia.