Mkia wa Nyangumi Nilioupeleka Ukweni

Leo nimeumbuka, jamani. Tena mchana kweupe, tena nikiwa nimevaa koti.

Asubuhi tulikutana Omurushaka, twende Nyabiyonza kumposea Gaspari, mtoto wa marehemu kaka yangu. Msemaji ni mimi. (Shule niliishia darasa la pili, lakini mdomo ninao.) Mnakumbuka mara ya kwanza tulirudishwa. Msemaji wetu wa siku ile, simtaji, alifika amelewa akampa mbuzi shikamoo. Baba wa binti akatuletea neno: mkija tena na mzaha, binti nampa mwingine. Gaspari hajala tangu jana.

Rubisi, pombe yetu ya ndizi, aliikamua dada yangu mwenyewe, akaijaza kwenye kibuyu cha shingo ndefu, akakiziba kwa jani la mgomba. Kibuyu cha posa, kwetu, anakibeba msemaji kwa mikono yake, na hakigusi ardhi mpaka mwenye nyumba akipokee. Hilo lishikeni, ndilo lililonimaliza.

Gari lilikuwa la Didasi, rafiki wa Gaspari, amekuja nalo kutoka Mwanza. Dogo, jekundu, na juu ya buti kuna kitu kimetanuka huku na huku, ncha zimebinuka.

"Hii nini, mwanangu?"

"Mkia wa nyangumi, mzee! Ndivyo tunavyouita. Nyangumi yuko baharini, mkubwa kushinda kanisa."

(Mimi mkubwa niliyemwona ni sangara, na huyo nilimkuta ameshakatwa vipande.)

"Na kazi yake?"

"Kukandamiza gari, lisije likapaa likikimbia."

Nikaitikia kama mtu aliyeelewa.

Basi Didasi akakataa kibuyu kisiingie ndani, eti rubisi itaumuka imwage povu kwenye viti. Buti limejaa mikungu ya ndizi. "Tafuta pa kukiweka, mzee," akasema, akaenda kununua sigara.

Nikazunguka nyuma. Nikautazama ule mkia. Jamani, si keria hii? Baiskeli yangu ina keria nyembamba kuliko hiyo, na imebeba mikungu mitatu hadi Nyakakika bila neno! Tena kama kazi yake ni kukandamiza, kibuyu kitasaidia. Nikakilaza pale, nikakifunga kwa mpira wa tairi ya baiskeli, mizunguko kumi na fundo la mwanaume. Didasi akarudi kwa mbele, akawasha. Kioo cha nyuma kilizibwa na vilemba vya shangazi zangu wawili waliokaa nyuma, hakuona kitu.

Tukafika. Ukoo mzima umejipanga uani, vigelegele. Nikateremka taratibu, kama askofu. Nikaenda kufungua kibuyu.

Fundo likagoma.

Vumbi na jua vilikuwa vimelikaza. Nikavuta. Watu wananitazama. Nikaweka mguu kwenye bampa nikavuta tena. Kwaa!

Kibuyu kikaja kifuani. Mkia nao ukaja. (Kumbe ulibandikwa kwa gundi na skrubu mbili!)

"Mzee! Gari langu!" Didasi huyo.

Nifanyeje? Kuweka chini siwezi, fundo halifunguki, na Gaspari ameshafumba macho. Nikaenda. Nimekumbatia kibuyu, mkia mwekundu umenitoka kwapani huku na huku kama bata anayetaka kuruka. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja.

Baba wa binti akatazama kibuyu, akatazama mkia.

"Karibu. Hicho nacho ni nini?"

"Mkia wa nyangumi, baba."

"Nyangumi ndiye nani?"

"Samaki."

"Sisi hatukuomba samaki."

Nikahisi jasho linafika kwenye soksi. Mke wa Gaspari huyo anaponyoka! Nikasema lililonijia: "Tuliambiwa tusije na mzaha, baba. Tumekuja na kitu ambacho hata Mwanza ni wachache wanacho." (Hapo sikudanganya.)

Mama yake mzee, bibi wa binti, akajikongoja, akaugonga mkia kwa ukucha. "Kigumu. Kitanifaa kuanikia maharage. Pokea, mwanangu."

"Bibi, lakini..." Didasi akaanza. Gaspari akamkanyaga mguu.

"Kitu cha posa hapa hakirudishwi," akasema baba wa binti, akapokea kibuyu na mkia wake vyote pamoja. Wakaleta kisu wakakata mpira, akaonja rubisi, akacheka mpaka akakaa. Posa imekubaliwa, jamani! Gaspari alikula sahani tatu.

Didasi hakula. Alipakia shangazi zangu na Gaspari, akafunga milango, akaniacha nimesimama na koti langu. Nimerudi juu ya keria ya baiskeli ya mtu, nimekaa upande. Keria ya kweli, haikung'oka.

Nawaomba msinicheke. Na Didasi akiwalalamikia, mwambieni nilisimama pale nikalitazama gari lake likikimbia bila mkia mpaka likapotea konani. Halikupaa.